Moshi wa Kibanda

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja na asanteni kwa kuniita. Aliyenipigia simu aliniambia nije niongelee jinsi ya kuacha kila kitu, nikamjibu nitakuja ila mada hiyo siiwezi, kwa sababu mimi sikuacha kila kitu, na hata wale watu tunaosimuliana habari zao kila siku, waliodumu kati yao hawakuacha kila kitu hata mmoja. Hapo ndo penye maneno yangu yote ya leo.

Lakini kwanza niseme najua mnachokitaka, kwa sababu nilikitaka mimi pia kwa miaka mingi. Kwenye droo ya meza yangu ofisini kulikuwa na barua ya kuacha kazi. Nilishaichapa, nilishaisaini, kilichobaki ni tarehe tu, na ile barua iliishi mle ndani miaka minne. Kila nikifungua droo kutafuta stepula naiona. Karatasi ikaanza kuwa ya njano pembeni, jina la bosi niliyemwandikia likawa si la bosi tena maana alishahamishwa akaja mwingine, na mimi bado nipo palepale nafungua na kufunga droo. Mkopo wa mwisho niliochukua kipindi hicho ulikuwa wa kumalizia mkopo uliotangulia. Simu inalia hata usiku wa manane na mimi naipokea, halafu asubuhi nikiulizwa na dada yangu mbona nimenuna namwambia sijanuna, nina mawazo tu.

Sasa mtu akikaa hivyo halafu akaota kibanda kidogo kando ya maji, na ukimya, na siku nzima ambayo hakuna anayeidai, watu wanamwambia ni mvivu. Nakataa kabisa. Sijawahi kufanya kazi nyingi na ngumu kama mwaka ule niliokaa kibandani. Ukitaka maji unayafuata, ukitaka moto unachanja kuni, paa likivuja hakuna fundi wa kumpigia, ni wewe na ngazi. Mtu anayetamani maisha hayo hatamani kupumzika. Anatamani siku yake irudi mikononi mwake, akichoka jioni ajue amechoshwa na nini na kwa ajili ya nani. Hiyo hamu ni ya haki, na ni ya zamani kuliko ofisi zote duniani.

Wengi hapa mnamjua Thoreau, mwandishi Mmarekani aliyehamia kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden tarehe 4 Julai 1845. Kibanda chenyewe futi kumi kwa kumi na tano, alikijenga kwa mikono yake. Jamaa alikuwa mtu wa hesabu, akapiga hesabu ya matumizi yake yote akakuta kwamba akifanya kazi ya kulipwa kama wiki sita tu kwa mwaka, zinamtosha kuishi mwaka mzima. Wiki sita! Mimi siku niliyosoma hilo nilichukua kalamu nikakaa chini na hesabu zangu, nikakuta ninavyoishi mimi hata wiki hamsini na mbili hazitoshi, ndo maana nakopa. Sikulala usiku ule. Na nilichojifunza pale ni kwamba uhuru una hesabu, una daftari, unaanzia kwenye kujua unahitaji nini hasa na kila hitaji linakula siku zako ngapi. Ukipunguza hitaji moja umenunua siku kadhaa za maisha yako mwenyewe, na hizo siku hakuna bosi wa kukunyang'anya.

Ila sasa sikilizeni upande wa pili wa habari ya huyohuyo Thoreau, upande ambao watu wakiutaja wanautaja kama kumfumania. Ile ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Emerson. Mjini kwao Concord palikuwa mwendo mfupi tu wa miguu na alikuwa anaenda mara kwa mara kuona ndugu na marafiki. Kibandani alikuwa na viti vitatu, maana alitarajia wageni. Julai 1846 alikwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa kwa kodi ya kichwa aliyokuwa amegoma kuilipa, akalala rumande usiku mmoja, na asubuhi alitoka kwa sababu kuna mtu alimlipia hiyo kodi. Watu wanasema ah, kumbe alikuwa anaigiza. Mimi nasoma tofauti. Nasoma kwamba yule bwana alipunguza vitu mpaka karibu na mfupa, lakini watu hakuwapunguza, na ndo maana alikaa miaka miwili na miezi miwili akatoka mzima na akili zake.

Mwingine ninayempenda zaidi, sitaki kuficha, ni Richard Proenneke. Huyu alikuwa fundi makenika, akahamia kwenye maziwa ya Twin Lakes huko Alaska, Marekani, mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, akajenga nyumba ya magogo peke yake na akaishi pale kwa karibu miaka thelathini. Nimeangalia picha za ile nyumba mpaka nimezikariri. Vifaa vingi alivibeba vichwa tu bila mipini, ili mzigo uwe mwepesi, mipini akaichonga palepale kwa miti ya palepale. Bawaba za mlango alizichonga kwa mbao. Hebu fikirieni bawaba ya mbao, mnajua ilivyo kazi, lazima ukate vile vidole viingiliane, utoboe tundu lipite katikati ya vyote, upitishe kijiti, na mlango ufunguke bila kukwama na usipitishe baridi ya Alaska. Mimi nilijaribu. Nilijaribu mara tano, ya tano ndo ikakubali, na siku ule mlango wangu ulipofunguka bila kulia nilisimama nikawa naufungua na kuufunga tu kama mtoto, nikakumbuka ile droo.

Na huyu naye, magogo yake aliyakata kiangazi kilichotangulia, akayamenya akayaacha yakauke, yaani hakukurupuka. Wakati anajenga alikuwa anakaa kwenye kibanda cha rafiki. Na kulikuwa na rubani rafiki yake ambaye alikuwa anatua na ndege ndogo ziwani kumletea mahitaji na barua, na Proenneke alikuwa anaandika barua sana kwa watu. Miaka yote hiyo porini, na bado kuna mtu angani anayejua pale chini kuna mtu.

Mwanzoni sikulielewa hili, nikafanya kinyume chake, na nitawaambia bila kuficha ilivyokuwa.

Nilipoandika tarehe kwenye ile barua hatimaye, niliondoka kwa hasira. Nilikuwa na hasira na ofisi, na benki, na simu, nikaichanganya yote nikawajumlisha na watu. Namba nikabadilisha. Dada yangu nikamwambia nasafiri kidogo, sikumwambia wapi. Rafiki zangu wa miaka ishirini nikaona nao ni sehemu ya kelele. Nikahamia kwenye kibanda cha kupanga, mbali na barabara, jirani wa karibu ni mama mmoja ambaye nyumba yake unaiona ng'ambo ya bonde lakini kuifikia ni kama nusu saa ya kushuka na kupanda. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili tu, na ya pili nilikatisha mazungumzo kwa sababu nilijiambia sikuja huku kupiga stori.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa mizuri mno, siwezi kuwadanganya. Nililala kama ambavyo sijalala tangu utotoni. Mawazo yakapungua sauti. Nikawa naamka na mwanga, nawasha moto, nachemsha maji, nakaa mlangoni na kikombe nikiangalia ukungu unavyoondoka bondeni kidogo kidogo, na hakuna mtu duniani ananidai hiyo saa. Wale mnaosema utaboreka, mimi sikuboreka hata siku moja.

Mwezi wa tano nikaugua. Homa ilianza jioni kama uchovu tu, asubuhi sikuweza kuinuka. Maji yalikuwa kwenye ndoo mlangoni, hatua sita hivi, nikazihesabu nikiwa nimelala, na sikuweza kuzitembea. Siku hiyo ikapita. Usiku ukapita, sikumbuki vizuri, nakumbuka midomo imekauka na nakumbuka nikifikiria kwamba hakuna mtu hata mmoja anayejua nilipo, na kwamba hilo nililipanga mimi mwenyewe na nililiita uhuru. Siku ya pili mchana mlango ukafunguliwa, kwa zile bawaba zangu za mbao, na yule mama akaingia akihema kwa kupanda mlima. Hakuuliza kitu. Alichukua ile ndoo akaniinua kichwa akaninywesha. Baada ya siku kadhaa nilipoweza kuongea nikamuuliza mama ulijuaje? Akanijibu, "Sijaona moshi wako mwanangu. Kila asubuhi nauona. Jana sikuuona nikasema labda kachelewa kuamka, leo sijauona nikasema hapana."

Miezi minne yote mimi najiona niko peke yangu, kumbe kuna mtu ng'ambo ya bonde anausoma moshi wangu kila siku kama salamu. Mimi nilikata mazungumzo, yeye hakukata.

Nikiwa bado dhaifu nilirudi kwenye habari za wale waliojitenga, nikazisoma upya kwa jicho hilo la moshi. Kuna kijana wa Maine, Marekani, mwaka 1986 akiwa na miaka ishirini aliacha gari lake na funguo ndani yake akaingia msituni, akakaa huko miaka 27 mpaka alipokamatwa mwaka 2013. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwasha moto wa kuni hata mara moja kwa kuogopa moshi utaonekana. Ndugu zangu, baridi ya kule maji yanaganda ukiyaangalia, na mtu hawashi moto, usiku wa baridi kali anaamka anatembeatembea asigande. Na alikuwa anaishije? Alikuwa anaingia kwenye nyumba za mapumziko za watu anaiba chakula, gesi, betri, nguo, mara karibu elfu moja kwa hesabu iliyotajwa. Simsemi vibaya, nina huruma naye sana, kuna kitu kilimwelemea ambacho hata yeye hakuweza kukieleza vizuri. Lakini angalieni: aliyekataa watu kabisa alibaki anawahitaji kila wiki, tofauti ni kwamba wale watu hawakupata nafasi ya kumpa kwa hiari, na yeye hakupata nafasi ya kuwarudishia chochote. Kuna familia ziliishi miaka mingi na hofu ndani ya nyumba zao.

Halafu kuna Christopher McCandless ambaye vijana wengi mnanitajia. Alimaliza chuo 1990, akatoa akiba yake ya dola 24,000 kwa shirika la misaada, akakata mawasiliano na familia, na Aprili 1992 akaingia porini Alaska, akaishi ndani ya basi bovu. Watu wanabishana alikuwa shujaa au mjinga, mimi huwa nakataa huo ubishi, alikuwa kijana mwenye moyo mkubwa na alikufa akiwa na miaka 24. Kinachoniumiza ni Julai yake. Alitaka kutoka. Alifungasha akashika njia ya kurudi, akafika kwenye mto Teklanika aliokuwa ameuvuka Aprili bila shida, akakuta maji yamejaa na yanakimbia, akageuka akarudi kwenye basi. Na si mbali na pale aliposimama, chini kidogo ya mto, kulikuwa na kikapu kinachoning'inia kwenye waya, unakaa unavuta kwa mikono unavuka. Hakujua, kwa sababu hakuwa na ramani nzuri, na hakukuwa na mtu aliyemwambia. Kabla hajafa aliandika pembezoni mwa kitabu kwamba furaha ni ya kweli pale tu inapokuwa na wa kuishiriki. Lile basi liliondolewa kwa helikopta Juni 2020, baada ya miaka ya watu kulifuata kule, na wawili wakafa maji kwenye mto uleule, 2010 na 2019. Naomba sana wale mnaompenda, mpendeni pamoja na hiyo sentensi yake, msiishie kwenye picha yake ya kutabasamu nje ya basi.

Ninapofika hapa kuna mtu huwa ananiuliza, je watawa? Wao si waliacha vyote? Swali zuri, na jibu lake lilinishangaza. Watawa wa Kibuddha wa njia ya Theravada wanatoka na bakuli asubuhi wanapita kwenye nyumba za watu, na sheria zao hazimruhusu mtawa kujiwekea chakula cha kesho. Yaani aliyeacha nyumba, mali, kila kitu, amefungwa kwa makusudi kwa mkono wa jirani kila siku ya Mungu. Na wale watawa wa Kikristo wa jangwa la Misri karne za mwanzo, walikuwa wanasuka vikapu na kamba kwa majani ya mitende wanauza. Mmoja wao, Pakomio, alianza kwa kuishi upwekeni, akaishia kuanzisha nyumba ambamo wanaishi wengi pamoja kwa kanuni moja. Hawa wana uzoefu wa karne na karne wa kuacha dunia, na jambo mojawapo walilolilinda ni kwamba mtu asiwe peke yake kabisa.

Sasa niseme jambo zito kidogo, naona kuna baba na mama wa familia humu. Ukiondoka wewe, mzigo wako haupotei, unahamia kwenye bega la mtu. Mwaka 1910 Tolstoy, mwandishi wa Urusi, mzee wa miaka 82, anaheshimika dunia nzima, alitoroka nyumbani kwake usiku akitafuta maisha ya utulivu na ya kawaida. Ndoa ilikuwa ya miaka 48 na watoto kumi na tatu. Siku chache tu, homa ya mapafu ikamshika njiani ndani ya treni, wakamshusha kwenye kituo kidogo kiitwacho Astapovo, akalazwa nyumbani kwa mkuu wa kituo. Mkewe Sofia akafika, wakamzuia asiingie, akabaki nje anachungulia dirishani. Walimruhusu mume akiwa hajitambui tena. Sisemi nani alikuwa na makosa kwenye ile ndoa, ilikuwa na maumivu pande zote mbili. Nasema tu kwamba mimi kila nikifikiria uhuru wa yule mzee namuona na yule mama pale dirishani, siwezi kumuondoa kwenye picha. Mimi pia nilikuwa na wa dirishani. Dada yangu alinitafuta miezi mitano, hadi hospitali aliulizia, na nilipompigia hakunifokea, alilia tu, na sijui kama kuna siku nitamaliza kukilipa kile kilio.

Kwa hiyo mkiniuliza niondoke nisiondoke, nasema ondoka. Kweli kabisa, kama moyo unakuita miaka minne na barua iko kwenye droo inageuka njano, ondoka. Ila lipa madeni kwanza, maana deni linajua njia ya kwenda popote, na hili la madeni ndo linachukua muda mrefu kuliko vyote, mimi lilinichukua karibu miaka miwili na ndo miaka miwili niliyojifunza kuishi na vitu vichache kabla sijaenda popote. Jifunze mikono yako kufanya kitu. Nenda likizo moja nzima ukaishi hivyohivyo bila kurekebisha chochote, msimu mbaya, si msimu mzuri, uone. Wenye watoto, hilo la kuondoka halihusu mtu mmoja, kaeni mezani mlijadili hata miaka, na mkikubaliana nusu yake tu, kuhama nyumba kubwa kwenda ndogo, kuacha kazi moja kati ya mbili, hiyo nusu ni uhuru halali kabisa usiidharau.

Na watu. Kuna Mfaransa anaitwa Bernard Moitessier, baharia. Mwaka 1968 aliingia kwenye mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga peke yake bila kutia nanga popote, na alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda. Machi 1969, badala ya kupanda kaskazini kurudi kwenye zawadi na kamera, akaendelea tu kuizunguka dunia, akafika Tahiti mwezi Juni. Redio alikuwa ameikataa tangu mwanzo, hakutaka kelele chomboni. Lakini alikuwa na manati. Manati hii hii ya watoto. Meli ikipita karibu anaweka ujumbe kwenye kopo la filamu, anavuta mpira, anarusha. Na hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba harudi, na kwa nini, kwamba ana furaha baharini na pengine anaiokoa roho yake. Katikati ya uhuru mkubwa kiasi kile, bado alivuta manati akalenga meli yenye watu.

Mimi nilirudi kibandani nilipopona, nikamaliza mwaka, safari hii kwa namna nyingine. Dada anajua njia. Kila wiki nilishuka bonde na kupanda kwa yule mama, namchanjia kuni, ananipigia stori, sikukatisha tena. Sasa hivi naishi pa kawaida, vyumba viwili, nafanya kazi siku tatu kwa wiki, sina mkopo, na jioni sipokei simu. Wengine mtaona hayo ni madogo. Mimi nilipita mbali kuyafikia.

Juzi nilimpigia yule mama kumjulia hali. Akaniambia kibanda kimepata mtu mwingine, kijana, mkimya, wamesalimiana mara moja tu, na hakutaka maneno mengi. Nikamuuliza anaendeleaje huyo kijana. Akasema, "Leo amechelewa kidogo, lakini nimeuona."